Gari Lisilo na Haraka

Muuzaji alipobonyeza honi ya gari la tatu, mimi nilitoka mbio. Si kushtuka, ni mbio hasa. Nilikuwa nimeshapiga hatua nne au tano kuelekea lango la yadi, mkoba ukinigonga mbavuni, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mama mzima wa miaka arobaini na kitu, niko mjini Kericho mchana kweupe, na hakuna gari linaloniacha. Muuzaji alibaki ameduwaa, mkono bado uko kwenye usukani.

"Madam, kuna shida? Nilikuwa nakuonyesha tu honi inafanya kazi."

Nyanya yangu alikuwa ndani ya gari langu dogo, mlango wazi, mguu wake mbaya ameunyoosha nje juu ya kigoda. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa chake cha kichwa. "Ai, wewe," akasema, "bado unalikimbiza?"

Nikacheka pia, nifanye nini. Miaka karibu thelathini imepita, rafiki yangu, na honi ya lori bado inajua pa kunipata. Nitakueleza. Kwanza nikueleze tulichofuata pale yadini, usije ukadhani tulikwenda kucheza na honi za watu.

Tulikuwa tunatafuta gari la kupigia kambi, lile lenye kitanda na jiko ndani. Binti yangu ana miaka kumi na minne na anakimbia mbio za nyika. Msimu ukifika, kila Jumamosi ni uwanja mwingine: leo kilimani, kesho bondeni, kesho kutwa mahali ambapo hata pikipiki zinalia. Na nyanya, ambaye amepita themanini, alinishika mkono siku ya Krismasi mbele ya watu wote akasema, "Huyu mtoto nataka kumwona akimaliza. Wewe sikukuona." Watu wakacheka wakidhani ni utani. Mimi sikucheka, kwa sababu najua alichomaanisha.

Sasa nyanya hawezi kukaa katika gari dogo zaidi ya saa moja. Nyonga inamuuma, mguu unavimba, na akibanwa na haja ndogo hataki kusikia habari ya kichaka. Akae wapi uwanjani siku nzima, kwenye nyasi zenye umande? Anahitaji pa kulala, pa kuota moto, pa kunywa chai, na mlango wa kuchungulia. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Kila nilipomtazama akipanda ngazi mbili za nyumba yangu nilikuwa nahesabu Jumamosi zilizobaki.

Gari la kwanza lilikuwa refu, jeupe, na mapazia ya maua. Friji, sinki, taa ndogo kila kona. Muuzaji, ambaye babu zake walitoka upande wa Nyeri na ambaye ulimi wake umepakwa mafuta, alisema hii si gari, ni nyumba iliyoamua kutembea. Nikalipenda. Nyanya akatazama magurudumu yake madogo na tumbo lake lililokaribia kugusa ardhi, akauliza kama limewahi kuona matope ya kwetu Konoin. Muuzaji akakohoa. Mtu wa kwetu anajua: udongo wetu ukinyeshewa ni sabuni, na nyumba ikiteleza utailalia mtaroni.

La pili lilikuwa limewahi kuwa ambulensi. Kwa kweli lilikuwa na kila kitu: mlango mpana, kitanda, pa kushika mkono. Nilishaanza kutabasamu. Nyanya akaliangalia mara moja tu. "Mimi sijaumwa," akasema, akageuza uso. Na kile choo cha kubebeka ambacho muuzaji alikitoa chini ya kitanda kwa fahari, ndicho kilimaliza mambo. Choo pale pale pa kulala na kupika! Nyanya alisema hata ng'ombe ana akili ya kusogea.

Mimi nilikuwa nimeanza kutangatanga, natazama saa, natazama lango. Lazima nikiri: mimi ni mtu wa kuondoka. Harusini huwa nimeshatoka kabla keki haijakatwa. Kanisani kiti changu ni cha karibu na mlango. Mume wangu hudai kwamba alinioa nikiwa nimesimama. Sijawahi kuona mwisho wa kitu chochote kwa utulivu, na ukiniuliza ugonjwa huu niliupata wapi, nitakuambia siku, na mahali, na hali ya hewa.

Kwetu ni upande wa Kimulot, pale shamba la mwisho la chai linapogusana na msitu. Jumamosi ya mashindano niliamka nikisikia nyanya tayari yuko shambani. Ule mlio sijausikia tena popote: vidole vikivunja majani mawili na kichipukizi, tak, tak, tak, haraka kuliko mvua inayoanza, na karatasi la plastiki alilojifunga kiunoni likichakarisha umande. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia kabla ya kumwona. Kazi yangu ilikuwa kukamua ng'ombe, kuchota maji, na kukoka moto. Kisha tulikula ugali uliolala, tukateremshia chai ya maziwa. Nyanya alikula amesimama, kikapu mgongoni.

Majani aliyachuna mapema ili ayatandaze kivulini. Alisema majani yanapumua kama mtu. Ukiyafunga guniani yakae humo, yanajipika yenyewe. Tena kiwanda hakitaki majani ya jana. Yalipaswa kupimwa siku ile ile, kwenye kituo cha kupimia, saa tisa alasiri, lori lilipopita kuyachukua. Na karani wa kituo hakupima majani ya mtu asiyekuwepo. Hata ukiwa mwenyekiti wa kituo, kama nyanya alivyokuwa, ulisimama mwenyewe mbele ya mizani au ulale na majani yako.

Lori lile lile ndilo lilitupeleka mbioni. Asubuhi lilikuwa tupu, na mwalimu wetu wa michezo alikuwa amepatana na dereva. Juu lilikuwa na vyuma vyenye ndoana za kutundikia magunia, na sisi watoto tulining'inia kwenye ndoana hizo tukiimba mpaka koo zikakauka, nguo zetu zikinuka majani mabichi. Nyanya alipanda mbele na kibuyu chake cha mursik mapajani, yale maziwa yetu yaliyolazwa na mkaa mpaka yakawa makali. Dereva alimwogopa nyanya. Lakini kitu alichokiogopa zaidi ni saa.

"Majani hayana subira," alikuwa akisema. Ikifika saa nane, alipiga honi tatu, akiacha nafasi kati yake. Ya kwanza: maliza unachokula. Ya pili: panda. Ya tatu: kwaheri. Hakuwahi kurudi nyuma kwa ajili ya mtu, na tulilijua hilo tangu darasa la kwanza.

Sasa sikiliza shida yangu. Kwenye ratiba, wasichana wakubwa walikimbia mwisho. Kwa nini? Nilimuuliza mwalimu, akasema ndivyo karatasi ilivyoandikwa. Kwa hiyo kila mwaka nyanya alitazama wavulana wakubwa, wavulana wadogo, hata walimu wakivutana kamba, halafu honi ikamwita, akaondoka. Mimi nilikimbia nyuma ya mgongo wake. Jioni nilirudi kwa miguu na wenzangu, nikamkuta jikoni, na swali lake lilikuwa moja: "Ulimaliza?" Hakuuliza hata siku moja nilikuwa wa ngapi. Nikisema ndiyo, alinimiminia mursik. Kibuyu ni cha aliyemaliza, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na wa kwanza na wa mkia walikunywa sawa.

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa na miguu, wacha nijisifu. Mwalimu alisema nikiingia katika wawili wa kwanza nitakwenda kukimbilia wilaya. Usiku wa kuamkia siku hiyo nyanya aliniambia, akifunga mlango wa ndama, "Kesho nitakuona." Nilijua jirani angekuwa ameshayafunga majani yake na kuyapanga kituoni tayari kwa saa tisa. Nilidhani ni maneno ya kunipa moyo tu, kama watu wazima wanavyosema.

Mashindano yalikuwa kwenye shule moja ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mvua ilianza mapema. Tulipopiga mstari nilimtafuta nyanya kwa macho nikaona tu miavuli. Honi ya kwanza ililia tukiwa mstarini. Ya pili ililia tukishuka kwenye njia ya kati ya mashamba ya chai, matope yakiruka mpaka masikioni. Kwenye kijito niliwapita wawili, nikapanda upande wa pili kupitia miti ya blugam, na nilipotokea juu nikakuta hakuna mtu mbele yangu. Hakuna! Njia ilikuwa tupu, na kule mbele, kushoto, niliona kamba ya kumalizia na watu wakipiga kelele.

Ndipo ikalia ya tatu.

Pale njia iligawanyika. Kushoto ni uwanjani. Kulia ni barabarani. Na mimi, rafiki yangu, niliyekuwa wa kwanza kwa mara ya kwanza maishani, nilikata kulia.

Watu wameniuliza nilifikiri nini. Nilitaka anione, basi. Nilifikiri nikifika barabarani kabla lori halijakata kona, ataniona nikiwa mbele ya wote, hata kama ni kwa dirisha, hata kama ni kwa dakika. Nililikimbiza lile lori mpaka nikaligonga ubavu kwa ngumi. Dereva alisimama, kwa mara ya kwanza katika historia yake, akafungua mlango. Kiti cha nyanya kilikuwa na mwavuli wake peke yake.

"Wewe unafanya nini hapa?" dereva akanipigia kelele. "Nyanya yako amekataa kupanda. Anakungoja pale kwa kamba!"

Nilirudi mbio zote. Nadhani sijawahi kukimbia vile, kabla wala baada. Nilipofika, walimu walikuwa wanakunja kamba. Mashindano yalikuwa yamekwisha, washindi wameandikwa. Nyanya alikuwa amesimama peke yake kwenye mvua, hana mwavuli, kibuyu amekificha ndani ya shali ili maji yasiingie. Alinitazama nikija kutoka upande usiofaa.

"Umetokea wapi?" akauliza.

Nikaonyesha kwa kidole kule lilikokwenda lori. Tulitembea saa mbili kurudi nyumbani na kibuyu kilikuwa kimejaa. Hakuniambia ninywe, nami nisingethubutu kuomba.

Kituoni tulipita jioni, wakati wa kukamua. Karani ameshaondoka, mizani imetolewa kwenye ndoana, na magunia ya nyanya matatu yamebaki peke yake pale sakafuni. Akafungua moja. "Weka mkono," akasema. Nikauingiza mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto, joto la uji, na harufu ilikuwa imeshageuka. Tuliyabeba majani yale tukayamwaga chini ya michai yenyewe yawe mbolea. Hakunichapa. Heri angenichapa.

Mwaka uliofuata nilipelekwa shule ya bweni. Kiwanda nacho kikakataza lori kubeba watu. Huko bweni nilijaribu kukimbia mara mbili, na mara mbili nikajikuta nasikiliza kitu badala ya kutazama njia. Nikaacha. Nyanya hakuwahi kuniona nikimaliza, na mimi sikumaliza tena.

Basi, turudi yadini. Gari la tatu, lile la honi, lilikuwa gari la kusambazia mkate zamani. Rangi ya maziwa, sura mbaya, magurudumu marefu kama ya tingatinga. Mwenyewe wa mwanzo alikuwa ameliwekea honi ya lori, sijui alikuwa anamtisha nani. Ndani hamkuwa na kitu ila mabati. Mimi nilitaka kupita. Lakini nyanya alikuwa ameshashuka kutoka gari langu, fimbo mkononi, bila kungoja mtu amshike.

Alinusa. "Hili lilibeba mkate," akasema, na muuzaji akakubali kwa aibu. Akauliza mlango unafunguka wapi. Muuzaji akauvuta, ukateleza ubavuni ukaacha nafasi pana kama mlango wa zizi. Nyanya akapima urefu wa sakafu kwa fimbo yake, akageuka, akakalisha makalio pale mlangoni, miguu nje, akatazama yadi kushoto mpaka kulia kana kwamba kuna watoto wanakimbia kati ya yale magari.

"Hapa naona," akasema.

Muuzaji akachangamka, akaanza kueleza mahali pa kuweka kitanda na jiko la gesi. Nyanya akamkatiza.

"Kijana. Hili gari lina kazi gani nyingine?"

"Hakuna, cucu," akajibu, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Ni lenu tu."

"Hakuna mahali linatakiwa saa tisa?"

Muuzaji akanitazama nimsaidie. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta, naangalia tangazo la betri ambalo sikuwa naliona. "Hakuna, cucu," akasema. "Hakuna mahali."

"Basi tutachukua hili."

Fundi wa Roret alilikata dirisha, akaweka kitanda, jiko, ngazi moja fupi ya nyanya kupandia, na tanki la maji. Kwa choo tuliweka hema dogo la kusimamisha nje, akakubali. Nilimwambia fundi ang'oe ile honi aweke yoyote ndogo, hata ya pikipiki. Alinishangaa lakini akang'oa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mbele ya Chepseon. Tulitoka alfajiri, nyanya amelala kitandani kama malkia, akiamka kila mji kuuliza kama tumefika. Niliegesha karibu na kamba, nikafungua mlango wa ubavu, nikamwashia chai. Siku hizi wasichana hawakimbii mwisho. Saa tano hivi waliitwa. Sikuweza kukaa. Nilizunguka gari, nikapanga vikombe, nikavipangua. Nyanya aliniambia ninampitishia upepo.

Walitokea kwenye miti mmoja mmoja. Wanne, wakapita. Sita, saba. Halafu nikaona soksi za binti yangu, moja imeshuka. Alikuwa wa kumi na moja, uso mwekundu kwa matope, na alipovuka kamba nyanya alisimama. Alisimama bila fimbo, rafiki yangu. Akapiga vigelegele ambavyo nilikuwa nimevisikia harusini tu, akafungua kibuyu kwa meno, na mtoto akanywa amepiga magoti pale kwenye ngazi, mkaa ukambaki mdomoni. Nililia wazi wazi, nani wa kunikataza.

Baadaye mtoto akaenda kwa wenzake. Wavulana wakakimbia, walimu wakavutana kamba, mawingu yakakusanyika upande wa msitu kama kawaida yao. Nilikuwa mbele, kwenye kiti cha dereva, na sikumbuki nilifikaje pale. Mkono wangu ulikuwa umeshawasha gari. Nikatazama saa: saa nane. Hakuna honi iliyolia. Lori lile lilishakuwa chuma chakavu. Kituo chetu siku hizi kina mizani ya umeme, na mashine zinapita juu ya michai ya makampuni zikilia kutwa, hakuna tena mlio wa vidole. Shamba la nyanya linachunwa na jirani aliyelikodi. Dereva alizikwa, na mwalimu wa michezo alihamia sijui wapi. Hata njia ile iliyogawanyika imekuwa uwanja wa kanisa. Vyote vimeondoka, na mimi ndiye bado nina haraka.

"Wewe," nyanya akaita kutoka nyuma. "Zima. Leo hatuna majani."

Nikazima. Nikazunguka, nikaja kuketi karibu naye mlangoni, goti langu likitikisika lenyewe. Matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Watu walikuwa wanapanda magari yao, wanakimbia na viti vya plastiki vichwani, na goti likataka kuwafuata. Nyanya akaliwekea kibuyu juu.

"Kunywa."

"Kogo," nikamwita nyanya kwa lugha yetu, "mimi sikukimbia."

"Kwani nimesema umekimbia?" Alikuwa anatazama uwanjani, ambako walimu wawili walikuwa wanakunja kamba kwenye mvua. "Kunywa. Leo umebaki mpaka mwisho."